Mwongozo kamili: Waya wa ukubwa gani kwa sola ya volti 12 nyumbani

Malalamiko ni yaleyale kila mara. TV ya sola inajizima saa mbili usiku, katikati ya taarifa ya habari, na betri ukiipima bado ina chaji. Taa ya chooni inawaka kwa kufifia. Paneli ya wati 100 iko juu ya bati, jua ni kali, lakini betri haijai. Mwenye nyumba anabadilisha betri, halafu anabadilisha kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri), halafu anabadilisha fundi. Tatizo linabaki palepale kwa sababu liko ukutani: waya ni mwembamba kwa umbali ule.

Mwongozo huu ni wa mfumo mdogo wa volti 12: taa za LED, TV ya DC, redio, kuchaji simu, jumla isiyozidi ampea 10 hivi. Hauhusu waya za volti 230. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya hutolewa na EPRA.

## Kwa nini kanuni ya umeme wa gridi haifai hapa

Mafundi wengi wamezoea "taa 1.5, soketi 2.5", yaani unene wa waya kwa milimita za mraba (mm²). Kanuni hiyo inatazama zaidi joto: waya usipate moto hadi plastiki iyeyuke. Kwenye volti 12 na mkondo mdogo, joto si mwamuzi. Mwamuzi ni volti zinazopotea njiani.

Chukua TV ya wati 36. Kwenye volti 230 ingevuta ampea 0.16 tu. Kwenye volti 12 inavuta ampea 3. Volti 1.5 zikipotea kwenye umeme wa 230, hakuna atakayegundua. Zikipotea kwenye 12, umeshatupa zaidi ya asilimia 12 ya ulichokuwa nacho. Na waya wenyewe ukiushika ni baridi kabisa, ndiyo maana fundi anaapa kwamba "waya hauna shida".

Sasa ongeza usiku. Jioni betri ikiwa inatumika inaonyesha volti 12.2. Umetumia waya wa spika wa mm² 0.5 kwa mita 7, kwa hiyo volti 1.7 zinaishia njiani. TV inapata 10.5. Mchana ilikuwa inawaka vizuri kwa sababu paneli ilikuwa inaisukuma betri hadi 13 na zaidi. Huo ndio "ugonjwa wa saa mbili usiku".

## Vifaa vya kuandaa

- Multimita ya kawaida inayopima volti za DC
- Futi ya kupimia, angalau mita 5
- Karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu
- Kisu au koleo la kumenyea waya, bisibisi bapa na ya nyota
- Konekta za skrubu, au kisanduku cha maungio
- Kisanduku cha fyuzi za gari chenye nafasi 4 hadi 6, na holda moja ya fyuzi ya kukaa karibu na betri
- Fyuzi za ampea 3, 5 na 15, na za akiba mbilimbili
- Lagi za kubana kwenye vichwa vya betri
- Waya: usinunue bado. Unanunua baada ya hatua ya 4

Kosa kubwa la kwanza linatokea hapa. Mtu anakwenda dukani kununua roli zima la 1.5 kwa sababu liko kwenye ofa, kisha anafunga nyumba nzima nalo.

## Hatua ya 1: Andika kila kifaa na ampea zake

Gawanya wati kwa 12. Taa ya wati 6 ni ampea 0.5. TV ya wati 36 ni ampea 3. Kama kibandiko nyuma ya kifaa kinataja ampea moja kwa moja, tumia hizo. Ndicho kiwango cha juu kabisa kifaa kinachoweza kuvuta.

Gawanya kwa 12 hata kama betri ikijaa inasoma 12.7. Unapanga kwa ajili ya saa mbaya, si kwa ajili ya saa nzuri.

Chaja za USB zinataka uangalifu. Simu nne zikivuta wati 10 kila moja ni wati 40, na kichaja chenyewe kinapoteza kidogo, kwa hiyo hesabu wati 44, yaani ampea 3.7. Tena vifaa vya aina hii vina tabia ya kukera: volti zikishuka, vinavuta ampea nyingi zaidi ili kupata wati zilezile, na ampea zikiongezeka, volti zinazidi kupotea. Waya mwembamba unajiongezea matatizo wenyewe.

Umefanikiwa ikiwa: una orodha yenye ampea kwa kila kifaa, na jumla yake. Nyumba yetu ya mfano ina taa nne za ndani (ampea 2), TV (3), simu (3.7) na taa moja ya nje bandani (0.5). Jumla ni 9.2, tuchukue 10.

## Hatua ya 2: Pima njia ya waya, si umbali wa macho

Waya haukati hewani. Unapanda kutoka kwenye kontrola hadi darini, unafuata boriti, unashuka hadi kwenye swichi, unapanda tena hadi kwenye holda. Chumba ambacho kwa macho kiko mita 4 mara nyingi kinakula mita 7. Pima njia halisi kwa futi, kisha ongeza nusu mita kila mwisho kwa ajili ya kuunga.

Pima kwenda tu. Mkondo unakwenda kwa waya chanya na kurudi kwa hasi, lakini kurudi kumeshawekwa ndani ya kanuni ya hatua ya 3. Wanaozidisha mara mbili wenyewe wanaishia kununua waya mnene bila sababu.

Chora ramani ndogo. Weka kila kipande: paneli hadi kontrola, kontrola hadi betri, kontrola hadi kisanduku cha fyuzi, na kila sakiti (njia ya waya yenye fyuzi yake) peke yake. TV iwe na sakiti yake. Usiichomeke kwenye mkia wa waya wa taa.

## Hatua ya 3: Piga hesabu

Kanuni ni moja. Zidisha mita kwa ampea, kisha gawanya kwa namba ya sehemu hiyo. Jibu ni milimita za mraba za shaba:

- Kontrola hadi betri: gawanya kwa 3
- TV, redio, kuchaji simu: gawanya kwa 9
- Paneli hadi kontrola: gawanya kwa 12
- Taa za LED: gawanya kwa 15

Namba hizi hazikutoka hewani. Waya laini wa shaba wa mm² 1 una ukinzani wa karibu ohm 0.02 kwa mita, kwenda na kurudi 0.04. Volti zinazopotea ni mita × ampea × 0.04 ÷ mm². Ukikubali kupoteza volti 0.36, yaani asilimia 3 ya 12, unapata kigawanyo cha 9. Ukikubali 0.6, yaani asilimia 5, unapata 15. Taa za LED zinavumilia zaidi, TV haivumilii.

Mwenye mfumo wa volti 24 azidishe kila kigawanyo kwa mbili. Ampea zake nazo zinakuwa nusu, kwa hiyo waya unaohitajika unashuka hadi robo.

### Kwa nini betri imepewa kigawanyo kigumu kuliko vyote

Kipande hiki ndicho kifupi kuliko vyote na ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Kontrola haioni betri. Inapima volti kwenye tundu zake yenyewe, halafu inaamua kila kitu kwa namba hiyo.

Mchana, ikiwa volti 0.4 zinapotea kati yake na betri, kontrola inasoma 14.4 wakati betri ina 14.0. Inadhani imekaribia kujaza, inaanza kupunguza chaji mapema, na jua linazama betri ikiwa haijajaa. Usiku mambo yanageuka: mkondo unatoka kwenye betri, kontrola inasoma chini kuliko ukweli, inakata mzigo (vifaa vinavyotumia umeme) wakati betri bado ina uwezo. Unaumia pande zote mbili, na betri ya risasi inayokaa bila kujaa hufa mapema.

Kama kontrola yako iko mita 4 kutoka kwenye betri, usitafute waya mnene zaidi. Hamisha kontrola. Mita 1 au 1.5 inatosha, lakini usiiweke juu kabisa ya betri ya maji kwa sababu ya mvuke wake.

### Na paneli je?

Kibandiko cha paneli ya wati 100 kinasema volti 18, lakini hizo ni za seli zenye nyuzijoto 25. Juu ya bati, saa saba mchana, seli hupita nyuzijoto 60 na zile 18 hushuka hadi karibu 15. Betri inataka 14.4 ili ijae. Pengo lililobaki ni dogo mno. Ukipoteza volti moja kwenye waya, kontrola ya kawaida ya PWM, ile inayounganisha paneli na betri moja kwa moja, haina tena cha kusukuma, na inashindwa hasa ile saa ambayo jua ni kali. Kwa kontrola ya MPPT, ile inayobadilisha volti za ziada za paneli kuwa ampea, yenye paneli za volti kubwa hali si mbaya hivyo. Unapoteza wati kidogo tu.

Kwa ampea za paneli, chukua ile namba ya Isc (ampea za paneli ikipigwa shoti) kwenye kibandiko. Paneli ya wati 100 huwa na karibu 6.

### Nyumba ya mfano

| Sehemu | Mita | Ampea | Hesabu | Waya wa kununua |
|---|---|---|---|---|
| Paneli–kontrola | 9 | 6 | 54 ÷ 12 = 4.5 | 6 |
| Kontrola–betri | 1 | 10 | 10 ÷ 3 = 3.3 | 4 |
| TV | 7 | 3 | 21 ÷ 9 = 2.3 | 2.5 |
| Simu | 2 | 3.7 | 7.4 ÷ 9 = 0.8 | 1.5 |
| Taa za ndani | tazama chini | 2 | 16.5 ÷ 15 = 1.1 | 1.5 |
| Taa ya banda | 25 | 0.5 | 12.5 ÷ 15 = 0.8 | 1.5 |

Taa za ndani zimehesabiwa kwa vipande, kwa sababu waya haubebi ampea zilezile mwanzo hadi mwisho. Mita 4 za kwanza zinabeba taa zote nne: 4 × 2 = 8. Mita 3 zinazofuata zinabeba tatu: 3 × 1.5 = 4.5. Kisha mita 3 kwa taa mbili: 3 × 1 = 3. Mita 2 za mwisho kwa taa moja: 2 × 0.5 = 1. Jumla 16.5. Ungechukua mita zote 12 kwa ampea 2 ungepata 24, na ungenunua 2.5 bila haja.

Waya wa simu na wa banda ungeweza kuwa wa 1.0 kwa hesabu. Tumepanda hadi 1.5 kwa sababu ya nguvu ya waya wenyewe: chini ya hapo unakatika kirahisi ukivutwa, na wa nje unapigwa na upepo, kuku na watoto.

## Hatua ya 4: Panda saizi, kisha kagua fyuzi

Saizi za dukani ni 0.75, 1.0, 1.5, 2.5, 4, 6, 10. Jibu likiangukia katikati, panda, usishuke. Hesabu ikitoa 1.6 ukachukua 1.5, utapona. Ikitoa 2.0 ukachukua 1.5, utarudi kulalamika.

Sasa fyuzi. Kazi yake ni kulinda waya, si kulinda TV. Betri ya risasi ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, na hapo hata waya wa volti 12 unawaka moto. Chukua ampea za sakiti, zidisha kwa 1.25, panda hadi fyuzi inayofuata. TV ya ampea 3 inapata fyuzi ya 5. Simu nazo 5. Taa za ndani 3, na ya banda 3. Fyuzi kuu ya betri kwa nyumba hii ni 15.

Kisha hakikisha fyuzi haizidi uwezo wa waya. Ukomo salama kwa waya zilizo ndani ya paipu ni huu: 1.0 isizidi fyuzi ya 7.5, 1.5 isizidi 10, 2.5 isizidi 15. 4 isizidi 20. 6 isizidi 30.

> Onyo: Fyuzi za gari zina rangi, lakini soma namba. Ya 5 na ya 7.5 zote zina rangi ya kahawia, moja imepauka na moja imekolea, na kwenye mwanga wa tochi hutaona tofauti. Na fyuzi ikiungua, usiweke kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pake. Tafuta shoti.

Inveta, kifaa cha kugeuza volti 12 kuwa 230, haimo kwenye hesabu hizi. Ya wati 300 inavuta karibu ampea 30 ikiwa na mzigo kamili. Inakwenda moja kwa moja kwenye betri kwa waya wa 10 usiozidi mita 1 na fyuzi yake ya 40, kamwe si kwenye tundu za mzigo za kontrola.

## Hatua ya 5: Kagua waya kabla ya kulipa

Hapa ndipo hesabu nzuri inapoharibika. Waya ulioandikwa 2.5 unaweza usiwe 2.5, na unaoonekana shaba unaweza kuwa alumini iliyopakwa shaba.

Soma ganda. Waya halali una maandishi yanayojirudia: saizi, volti za ganda, kiwango, na jina la mtengenezaji. Tanzania tafuta alama ya TBS, Kenya ya KEBS. Ganda lisilo na maandishi, uache.

Pima nyuzi. Waya wa nyuzi saba wa 1.5 una nyuzi za kipenyo cha mm 0.53. Wa 2.5 ni mm 0.67, wa 4 ni mm 0.85, wa 6 ni mm 1.04. Huna vernia? Chomoa uzi mmoja, uzungushe mara 10 kwenye msumari, mizunguko ikae bega kwa bega bila nafasi, kisha pima urefu wa mizunguko yote kwa rula. Ukipata mm 6.7, uzi ni wa 0.67. Ukipata 6.0, huo "2.5" ni karibu 2.0 tu. Hesabu ya uhakika ni: idadi ya nyuzi × kipenyo × kipenyo × 0.785.

Kwangua. Kwa ncha ya kisu kwangua uzi mmoja hadi ndani. Shaba ni nyekundu hadi kiini. Ukiona weupe wa fedha, mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Ikiwa bado una shaka, menya uzi, toka nje, uweke kwenye moto wa kiberiti cha gesi: wa alumini hulegea na kukatika, wa shaba hubadilika rangi tu. Uzito nao unasema, maana alumini ni nyepesi zaidi ya mara tatu.

Waya huo wa kupakwa una ukinzani wa karibu mara 1.6 ya shaba. Kwa maana nyingine "2.5" yake inafanya kazi ya 1.5. Ubaya wake mkubwa zaidi uko kwenye maungio: unakatika ukikunjwa mara chache, na sehemu za Tanga, Mombasa au Pemba, chumvi ya hewani inaula haraka.

## Hatua ya 6: Pitisha na uunge

Waya mgumu wa uzi mmoja au nyuzi saba ni wa ukutani. Ule laini wa nyuzi nyingi ni wa sehemu zinazochezacheza, mfano nyuma ya TV. Nyekundu iwe chanya, nyeusi hasi. Ukitumia waya wenye kahawia na bluu, kahawia iwe chanya, na usibadilishe katikati ya nyumba.

Usipitishe waya za volti 12 kwenye paipu moja na za 230. Na usitumie soketi ya kawaida ya ukutani kwa DC. Siku moja mgeni atachomeka kitu cha 230 humo, au kifaa cha 12 kitachomekwa kwenye umeme wa gridi.

Maungio yanataka subira kuliko hesabu. Menya milimita 8 tu, kiasi cha kuingia kwenye tundu lote bila shaba kubaki nje. Sokota nyuzi ziingie zote. Uzi mmoja ukibaki nje unaweza kugusa tundu la jirani. Kaza, vuta waya kwa nguvu ya kawaida, kisha kaza tena, kwa sababu nyuzi hujipanga baada ya kubanwa mara ya kwanza. Angalia skrubu isibane plastiki badala ya shaba. Usipake risasi ya kuchomelea kwenye ncha inayobanwa na skrubu: risasi hulegea taratibu chini ya mkandamizo, na baada ya miezi kadhaa ungio linacheza.

Kosa tunaloliona sana ni hili: fundi amenunua waya wa 6 kama alivyoambiwa, anafika kwenye kontrola ndogo na tundu halipokei, basi anakata nyuzi tatu kati ya saba ili ziingie. Amejitengenezea waya wa 3.4 mahali penye ampea nyingi, tena penye skrubu. Pima tundu za kontrola kabla ya kununua. Ikibidi, malizia kwa kipande kifupi cha waya wa 4 kilichoungwa kwenye konekta kubwa karibu na kontrola. Kwa nyumba hii ya ampea 10, kontrola ya ampea 20 inatupa nafasi na tundu pana zaidi.

Kusokota waya mbili na kuzungushia tepu si ungio. Linakaa wiki, halafu joto na unyevu vinafanya kazi yao.

## Hatua ya 7: Fyuzi kuu na kuwasha

Fyuzi ya 15 ikae kwenye waya chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye kichwa cha betri. Ikiwa mbali zaidi, kile kipande kabla yake hakina ulinzi wowote.

Fuata mpangilio huu. Kwanza fyuzi kuu iwe imetolewa. Unga betri kwenye kontrola, kisha rudisha fyuzi. Kontrola inapaswa kuwaka na kuonyesha volti. Halafu unga paneli. Mwisho unga kisanduku cha fyuzi kwenye tundu za mzigo, kwa waya wa 4 usiozidi nusu mita. Wakati wa kubomoa, rudi kinyumenyume. Ukiunga paneli kabla ya betri, kontrola nyingi huchanganyikiwa kuhusu volti za mfumo na baadhi huungua.

Baada ya kukaza vichwa vya betri, paka grisi au vaselini kwa nje. Si kabla ya kukaza.

## Hatua ya 8: Pima mzigo ukiwa umewashwa

Multimita kwenye volti 20 za DC. Fanya usiku, paneli isiwe inachaji. Washa kila kitu kwa dakika 10.

Pima kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye plagi ya TV *TV ikiwa inawaka*. Ukipima TV ikiwa imezimwa utaona volti zilezile kama za betri, hata kama waya ni mwembamba kama uzi wa kushonea, na utadanganyika. Bila mkondo hakuna kinachopotea.

Kwa nyumba yetu, waya wa TV peke yake unapoteza volti 0.34, na kipande cha betri hadi kontrola 0.1. Ongeza kidogo kwa maungio, fyuzi na kontrola. Betri ikisoma 12.4, TV ikisoma 11.8 au juu kidogo, kazi ni nzuri. Ikisoma 11.3, kuna mahali.

Kutafuta mahali hapo hakuhitaji kubomoa. Acha TV iwake. Weka ncha moja ya multimita upande huu wa ungio na nyingine upande wa pili, kwenye waya uleule chanya. Ungio zuri linaonyesha chini ya volti 0.03. Ukikuta 0.2 au 0.3, umelipata. Endelea hivyo kwa kila fyuzi, kila swichi na kila konekta, kisha rudia upande wa hasi, ambao wengi huusahau.

Mchana, saa sita au saa saba jua likiwa wazi, pima tena: kontrola na betri zisitofautiane zaidi ya 0.12, paneli na kontrola zisizidi 0.5.

## Ikiwa nyumba imeshafungwa waya mwembamba

Si lazima kuvunja ukuta. Anza na vitu vya bei nafuu.

Badilisha kwanza kipande cha betri hadi kontrola. Ni mita 1, gharama yake ndogo, na mara nyingi chaji inabadilika siku hiyohiyo.

Kisha itenge TV. Pitisha waya mmoja mpya wa 2.5 juu ya ukuta ndani ya tranki ya plastiki, taa zibaki kwenye waya wa zamani. Mzigo ukipungua kwenye waya ule, taa nazo zinang'aa zaidi bila kuguswa.

Njia nyingine ni kuongeza waya wa pili sambamba na ule wa zamani, chanya na chanya, hasi na hasi, kuunganishwa miisho yote miwili. Milimita zinajumlishwa: 1.5 na 1.5 zinakuwa 3. Lakini fyuzi ibaki ile inayofaa waya mmoja, isizidi 10, kwa sababu ungio moja likilegea waya uliobaki utabeba mzigo wote peke yake.

Na kama banda au nyumba ndogo iko mita 40 na unataka TV huko, acha kupigana na volti 12. Hesabu inatoa 40 × 3 ÷ 9 = 13.3, yaani waya wa 16. Paneli ndogo, kontrola na betri yake hukohuko mara nyingi ni rahisi kuliko mita 40 za waya huo.